Jinsi ya Kusoma Jedwali la Matokeo ya Kunyanyua Vitu Vizito, kwa Mfano wa Wanaume wa Kilo 85

Mtu anayefungua kwa mara ya kwanza jedwali la matokeo ya mashindano ya kimataifa ya kunyanyua vitu vizito huona safu za tarakimu, baadhi zikiwa zimekatwa kwa mstari, na mwishoni majina matatu yenye medali. Wengi huishia kwenye majina hayo matatu, na hapo ndipo wanapokosa uhondo wote, kwa maana jedwali la mchezo huu, likisomwa kwa utaratibu, humwonyesha msomaji ushindani ulivyokwenda hata kama hakuutazama. Nitatumia hasa jedwali moja, la wanaume wa uzani wa kilo 85, yaani wenye uzito wa mwili usiozidi kilo 85, katika Michezo ya Olimpiki ya Sydney, Septemba 2000, kwa sababu sijaona jingine linalofundisha mengi kiasi hicho kwa mistari mitatu tu.

Mistari yenyewe ni hii. Pyrros Dimas wa Ugiriki alipata dhahabu kwa kunyanyua kilo 175 na kilo 215, jumla kilo 390. Marc Huster wa Ujerumani alipata fedha kwa kilo 177.5 na 212.5, jumla 390. George Asanidze wa Georgia alipata shaba kwa kilo 180 na 210, jumla 390. Nilipoyaona matokeo hayo gazetini kwa mara ya kwanza, nikiwa ninayanakili kwenye daftari langu, nilidhani mpiga chapa amekosea na kuirudia tarakimu moja mara tatu, nikaacha nafasi wazi ili nijaze baada ya masahihisho ya kesho yake. Masahihisho hayakutoka, kwa sababu hapakuwa na kosa lolote.

Anza na safu mbili kubwa. Ya kwanza ni ya mnyanyuo wa mwendo mmoja, ambao chuma hutoka sakafuni na kufika juu ya kichwa bila kutua popote, mikono ikiwa imenyooka. Ya pili ni ya mnyanyuo wa hatua mbili, ambao chuma hupandishwa kwanza hadi mabegani, mnyanyuaji akasimama nacho, kisha akakisukuma juu kwa nguvu za miguu na kujitupa chini yake. Mnyanyuo wa pili daima hubeba kilo nyingi zaidi. Jumla ni jaribio bora la safu ya kwanza pamoja na jaribio bora la safu ya pili, wala si kilo zote alizonyanyua mtu siku hiyo. Zamani palikuwa na mnyanyuo wa tatu, wa kusukuma kwa mikono pekee, ambao uliondolewa baada ya Michezo ya Munich ya 1972; kwa hiyo ukikuta jumla za mwaka 1936, kama kilo 387.5 za Khadr El Touni wa Misri huko Berlin, usizilinganishe na za leo, kwa kuwa zimejumlisha minyanyuo mitatu.

Ndani ya kila safu kubwa mna nafasi tatu, kwa sababu kila mshindani ana majaribio matatu kwa kila mnyanyuo. Tarakimu iliyokatwa, au yenye alama ya kutoa mbele yake, ni jaribio lililokataliwa. Waamuzi ni watatu, na kila mmoja huwasha taa nyeupe au nyekundu. Nyeupe mbili zinatosha kulikubali jaribio. Mtazamaji mgeni hushangaa pale chuma kinapokuwa juu kabisa, mtu amesimama imara, halafu taa nyekundu zikawaka. Mara nyingi sababu ni viwiko: vilikunjika kidogo chuma kilipofika juu, kisha vikanyooshwa tena, jambo lisiloruhusiwa. Jedwali halielezi sababu hiyo, hukata tarakimu tu. Mtu akikosa majaribio yote matatu ya mnyanyuo mmoja hana jumla, na jina lake huanguka mkiani hata kama ni bingwa wa dunia.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo ufunguo wa usomaji wote, nalo wasomaji wengi hawaambiwi. Katika mchezo huu watu hawanyanyui kwa zamu ya majina. Chuma ndicho kinachopanga zamu, kwa kuwa uzito wake hupanda tu na haushuki hadi mnyanyuo ule umalizike. Aliyeomba kilo ndogo hupanda jukwaani kwanza, na aliyeomba kubwa husubiri. Kwa hiyo ukiona kwenye safu ya mnyanyuo wa pili kwamba Asanidze alifaulu 210, Huster 212.5 na Dimas 215, umekwisha kujua nani alitangulia na nani alifuata, bila kuambiwa na mtu yeyote. Asanidze aliifikia 390 kwanza. Huster aliifikia wa pili. Dimas alikuja baada yao akijua hasa anachohitaji.

Rudi basi kwenye safu ya kwanza na uhesabu kama kocha anavyohesabu. Baada ya mnyanyuo wa mwendo mmoja, Asanidze alikuwa mbele ya Dimas kwa kilo 5, na Huster alikuwa mbele ya Dimas kwa kilo 2.5. Ili awafikie, Dimas alilazimika kunyanyua katika mnyanyuo wa pili kilo 5 zaidi ya Asanidze na kilo 2.5 zaidi ya Huster. Kilo 215 ndizo hasa zilizomfikisha hapo, wala hazikumvusha hata nusu kilo. Basi kwa nini apewe dhahabu? Jibu liko kwenye safu ndogo ambayo jicho huiruka, ile ya uzito wa mwili. Kabla ya mashindano kila mtu hupimwa kwenye mizani, na kwa kanuni za wakati ule, jumla zikilingana, aliyekuwa mwepesi zaidi ndiye aliyewekwa juu. Dimas alikuwa mwepesi kuliko Huster, na Huster kuliko Asanidze. Medali tatu za Olimpiki zilipangwa kwa mizani.

Kanuni hiyo imeondolewa. Siku hizi jumla zikilingana, hutangulia yule aliyeifikia jumla hiyo mapema, yaani yule ambaye mnyanyuo wake wa hatua mbili ulikuwa na kilo chache zaidi. Litumie sharti hili la leo kwenye mistari mitatu ya Sydney, na utaona mpangilio wa medali unapinduka: Asanidze dhahabu, Huster bado fedha, Dimas shaba. Hata hivyo ninamsihi msomaji asiseme kwamba Asanidze alidhulumiwa. Makocha huomba kilo kwa kufuata kanuni wanazozijua siku hiyo, na kambi ya Dimas ilijua kwamba kulingana kunatosha. Kanuni zingekuwa tofauti, na maombi yao yangekuwa tofauti. Ndiyo sababu, kabla hujasema lolote juu ya jumla zilizolingana, tazama kwanza mwaka wa jedwali.

Mwaka utakusaidia pia kuzielewa tarakimu zenyewe. Hadi 2004 chuma kiliongezwa kwa kilo 2.5, na ndiyo maana unaona nusu nusu hizo. Tangu 2005 kinaongezwa kwa kilo 1. Katika Michezo ya Rio ya 2016, katika uzani huu huu wa kilo 85, Kianoush Rostami wa Iran alishinda kwa kilo 396 dhidi ya 395 za Tian Tao wa China. Wote wawili walinyanyua 217 katika mnyanyuo wa pili, kwa hiyo ukitafuta dhahabu ilipopatikana, utaikuta kwenye safu ya kwanza, kilo 179 dhidi ya 178. Tofauti ya kilo 1 isingewezekana kabisa kwa kanuni za Sydney.

Ukiwa na picha au video pembeni, jifunze kulisoma na chuma lenyewe. Kwa wanaume, fito lina kilo 20, na vikazio viwili vya ncha vina kilo 2.5 kila kimoja, jumla 25 kabla ya sahani yoyote. Sahani nyekundu ni kilo 25, za buluu 20, za njano 15, za kijani 10. Zile 215 za Dimas ukitoa 25 zinabaki 190, yaani 95 kila upande: sahani nyekundu tatu na ya buluu moja. Baada ya kuzoea, utautambua uzito kwa rangi kabla ya mtangazaji kuutaja.

Kuhusu kuhesabu medali, fahamu kwamba Olimpiki hutoa medali za jumla peke yake, ilhali mashindano ya ubingwa wa dunia hutoa medali kwa mnyanyuo wa kwanza, kwa wa pili na kwa jumla, kila kimoja na dhahabu yake. Mtu mmoja anaweza kurudi nyumbani na dhahabu tatu kwa siku moja, kwa hiyo usijumlishe medali za mashindano hayo mawili kana kwamba ni kitu kimoja. Fahamu pia kwamba uzani wa 85 ulifutwa mwaka 2018 madaraja ya uzani yalipopangwa upya, ukaja wa 81 na wa 89, na Juni 2025 madaraja ya wanaume yakapangwa tena kuwa 60, 65, 71, 79, 88, 94, 110 na zaidi ya 110. Kila yanapobadilishwa, rekodi za dunia huanza upya.

Jambo linalouma zaidi nimelibakiza hapa. Jedwali ulilolihifadhi siku ya mashindano linaweza kuwa si la kweli tena. Katika London ya 2012, kilo 85, Adrian Zieliński wa Poland na Apti Aukhadov wa Urusi walifikisha 385 kila mmoja, na uzito wa mwili ukampa Zieliński dhahabu. Miaka kadhaa baadaye sampuli zilizohifadhiwa zilipimwa upya, Aukhadov akavuliwa fedha yake kwa dawa zilizokatazwa, Rostami akapanda kutoka shaba hadi fedha, na Tarek Yehia wa Misri, aliyekuwa wa nne, akapata shaba. Katika uzani wa 94 wa mashindano hayohayo hali ilikuwa mbaya zaidi: washindi wote watatu walivuliwa medali, na hatimaye dhahabu ikaenda kwa Saeid Mohammadpour wa Iran aliyemaliza wa tano, fedha kwa Kim Min-jae wa Korea Kusini aliyekuwa wa nane, na shaba kwa Tomasz Zieliński wa Poland aliyekuwa wa tisa. Walioiba wamenyang'anywa, lakini hawa watatu hawakusimama kwenye ngazi ya washindi usiku ule, wimbo wa taifa ukipigwa, na hilo hakuna anayeweza kuwarudishia. Kwa hiyo, kabla ya kuwatangaza washindi, thibitisha majina kwa orodha ya sasa, wala usitegemee kumbukumbu wala gazeti la siku ile.

Kwa mazoezi, chukua jedwali la Athens 2004, uzani uleule. Asanidze 177.5 na 205, jumla 382.5, dhahabu. Andrei Rybakov wa Belarus 180 na 200, jumla 380, fedha. Dimas 175 na 202.5, jumla 377.5, shaba. Funika safu ya medali kwa kidole, uanze kushoto. Baada ya mnyanyuo wa kwanza Rybakov anaongoza kwa kilo 2.5. Kwa Asanidze, 202.5 zingemfikisha sawa na Rybakov na kumrudisha kwenye mizani iliyomwangusha Sydney. Kwa 205 alishinda bila kuihitaji mizani. Dimas, akiwa mbele ya watu wake wa Ugiriki na mwenye dhahabu tatu za Olimpiki tayari, za 1992, 1996 na 2000, alivua viatu vyake baada ya jaribio lake la mwisho na kuviacha katikati ya jukwaa, ishara ya kuuaga mchezo.