Kutuliza vumbi la jaruba la chumvi lililokauka bila kumaliza maboza

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye eneo kama ninayohudumia mimi: jaruba la chumvi lililoachwa, pwani ya kaskazini ya Dar, kuanzia Kunduchi kwenda juu, ambalo kila ikifika saa nane mchana linapaka nyumba za jirani unga mweupe. Hesabu zangu ni za hekta moja, yaani ekari mbili na nusu hivi.

Kazi yangu ya kwanza niliifanya kama wengi wanavyoifanya: nikaita boza. Lita 10,000 za maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, mpira wa kunyunyizia, picha kwa mteja, hela mfukoni. Kesho yake alasiri vumbi lilikuwa palepale, na siku ya tatu likazidi. Mzee mmoja aliyewahi kuvuna chumvi pale alikuwa amekaa kwenye tuta ananitazama. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema: "Mwanangu, mbona unaiosha chumvi yako mwenyewe?"

Alikuwa na haki. Juu ya jaruba kulikuwa na ukoko wa chumvi, mgumu kama ukoko wa wali chini ya sufuria, na huo ndio uliokuwa umeshikilia udongo. Maji baridi yaliuyeyusha yakashuka nao chini. Hata hesabu yenyewe ilikuwa inanicheka: milimita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo boza zima kwenye hekta ni milimita moja tu. Kwa jua la Januari hiyo haifiki adhuhuri.

Hatua ya 1: Tafuta mchanga unaokimbia

Unga laini haunyanyuki wenyewe kirahisi, umeshikana. Zinazoanza kukimbia ni punje za mchanga, zile za kama sehemu moja au mbili za kumi za milimita. Zinaruka chini chini, nyingi hazifiki hata usawa wa goti, zinatua na kuugonga ukoko kama msasa. Kila pigo linatoa unga, na unga huo ndio unaopaa hadi sebuleni kwa jirani. Ukizuia punje, vumbi limekosa wa kulichokoza.

Chukua makopo kumi ya maziwa ya unga. Yazike yakiwa yametawanyika, mdomo usawa na ardhi, uyaache wiki moja ya upepo. Kisha mimina ulichopata kwenye mizani ya duka, andika kopo kwa kopo. Mara nyingi nakuta mawili matatu yamejaa na mengine yana kijiko tu. Yaliyojaa huwa karibu na njia ya magari au upande unaopakana na mchanga wa ufukweni. Hapo ndipo kazi ilipo. Kwingine, kama ukoko ukiukanyaga kwa kisigino unalia bila kuvunjika, paache kama palivyo.

Hatua ya 2: Ujue upepo wako

Funga kipande cha kanga kuukuu kwenye fito, usimamishe katikati ya jaruba. Kaskazi ya Desemba hadi Machi na kusi ya katikati ya mwaka hazipigi upande mmoja, na upepo wa bahari wa mchana nao una tabia zake kila pwani. Andika mwelekeo saa nane na saa kumi, siku kadhaa. Ukilima matuta kwa kukisia, utayalima mara mbili.

Hatua ya 3: Fungulia bahari, siyo bomba

Kama lango la kuingizia maji ya bahari jarubani bado lipo, hapa ndipo tunapowashinda hata Wamarekani. Ziwa Owens huko California lilikauka katika miaka ya 1920, baada ya Los Angeles kuanza kuyavuta maji yake kwa mfereji uliokamilika 1913. Kuanzia miaka ya 2000 mwanzoni ikabidi jiji liyarudishe maji kulowesha kitanda cha ziwa, maji baridi yale yale ambayo wakazi wake wanayahitaji kunywa. Gharama imepita dola bilioni mbili, na sasa wanahamia kwenye kokoto, matuta na maji ya chumvi ili kuokoa maji. Sisi bahari iko mlangoni.

Subiri bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Maji yakijaa, fungua lango uingize sentimita 5, kisha ufunge. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, kwa hiyo yakikauka kila mita ya mraba inabaki na karibu kilo moja na robo tatu. Huo ni ukoko wa chini kidogo ya milimita moja. Rudia bamvua mbili zinazofuata, utapata kitu cha kueleweka. Katikati ya hapo mtu asikanyage, wala mbuzi. Ukoko mbichi ukivunjwa unarudi kuwa unga.

Mambo mawili kabla hujafungua lango. Jirani mwenye kisima kifupi cha maji baridi hatakushukuru ukimtilia chumvi, kwa hiyo zungumza naye kwanza, na kama kisima kiko karibu acha kabisa hatua hii. Na mikoko iliyoota mferejini inalindwa kisheria, usiifyeke ili kupitisha maji.

Usiyabebe mapishi haya ukayapeleka Ziwa Natron. Huko ni magadi, na magadi yana tabia ya kuvimba na kufumuka kama unga wa keki yakipata unyevu na kukauka tena. Hata Owens inawasumbua kwa sababu hiyo hiyo, hasa majira ya baridi. Chumvi ya bahari inakaza.

Hatua ya 4: Omba maji machungu

Kama kuna wavunaji wa chumvi karibu, waulize wanamwaga wapi maji mazito yanayobaki chumvi ikishatolewa, yale machungu ulimini. Yana magnesi kloraidi nyingi, na hiyo hunyonya unyevu hewani hata hewa ikiwa kavu kuliko ya Dar inavyokuwa siku nyingi za mwaka. Ukinyunyizia sehemu za makopo yaliyojaa, ardhi inabaki na rangi ya kahawia iliyokolea, kama imemwagiwa mafuta, na asubuhi ukiigusa ina unyevu. Hujatumia tone la maji ya kunywa. Nyunyizia kwa keni, nyepesi, mara mbili. Kama umeyavuta kwa pampu, ioshe siku hiyo hiyo, la sivyo kutu itaila. Mbali na bustani, mbali na kisima. Na mvua za masika zikinyesha zinaondoka nayo, kwa hiyo usihangaike kuimwaga Machi.

Hatua ya 5: Matuta na makuti

Finyanga udongo wenye unyevu viganjani. Ukitoka kamba bila kukatika, una mfinyanzi, lima matuta ya sentimita 30 na zaidi, yakikingama upepo, na uyalime udongo ukiwa bado na majimaji ili mabonge yabaki makubwa. Ukikatika, ni mchanga, matuta yatalala ndani ya wiki, usijisumbue.

Kwenye mchanga weka uzio wa makuti: fito, kamba ya katani, kimo cha mita moja. Makuti yawe na mianya karibu nusu kwa nusu. Nimeona watu wanaweka mabati, upepo unaruka juu yake na kuchimba upande wa pili. Uzio wenye mianya unatuliza upepo umbali wa kama mara kumi ya kimo chake, kwa hiyo mistari iachane mita 10. Mchanga ukishajikusanya chini ya makuti na masika yakikaribia, chomeka hapo vipande vya Sesuvium portulacastrum, ile yenye majani manene na maua ya waridi inayotambaa ufukweni. Inashika yenyewe.

Hatua ya 6: Njia moja ya magari

Chora njia moja, nyingine zote zizibe kwa kamba. Kokoto weka hapo tu. Ukijaribu kufunika hekta nzima kwa sentimita 5 ni kyubiki (mita za ujazo) 500, tripu 50 za tipa la kyubiki 10. Njia ya mita 4 kwa 100 ni tripu mbili, na chini yake tandika kitambaa kigumu ili kokoto zisizame kwenye tope.

Makopo usiyaondoe, kila ukipima yarudishe mashimoni. Yapime kila Jumamosi jioni. Kopo lililokuwa tupu likianza kupata mchanga, nenda upande unakotoka upepo, utakuta alama ya tairi au kwato. Tengeneza hapo kabla ya bamvua ijayo.