Kufungua kampuni Kigali ukiwa Mtanzania: usajili ni wa haraka, shughuli iko huku mbele

Watu wa Ngara, Kahama na Mwanza wanaopitisha mzigo mpaka wa Rusumo wengi wanaulizia sikuhizi namna ya kuwa na kampuni yao Rwanda badala ya kuuza kwa mlango wa nyuma kupitia jina la mtu. Inawezekana na wala haihitaji ujuane na mkubwa, ila jua kwanza unaingia kwenye nini.

Usajili wenyewe hauna maajabu. Unaingia mtandaoni kwa RDB, hii ndo BRELA ya kule ila imebeba na uwekezaji na utalii humohumo, unafungua akaunti, unacheki jina kama halijachukuliwa, unajaza wenye hisa ni kina nani, wakurugenzi ni kina nani, ofisi itakuwa wapi na mnafanya biashara gani, unapakia pasipoti, basi. Hulipii usajili wala hakuna mtaji wa chini unaotakiwa uonyeshe benki. Ukiwa umejaza vizuri cheti kinaweza kutoka siku hiyohiyo. Akikwambia mtu anataka dola mia kadhaa "za RDB" huyo anakula hela yako, mlipe tu kama unamlipia kazi yake ya kukujazia fomu. Na usafiri pia uujue, Mkenya na Mganda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014, sisi hatumo kwenye huo mpango kwa hiyo beba pasipoti.

Sasa sikiliza hapa. Namba ya kampuni iliyo kwenye kile cheti ndo hiyohiyo TIN yako. Maana yake siku umesajiliwa RRA, yaani TRA ya kule, tayari wanakujua, hakuna cha kusema ntaenda kujiandikisha kodi nikianza kuuza, na wewe hata kama umerudi zako Kahama umelala mfumo unasubiri ritani, yaani taarifa yako ya mauzo na kodi. Hujauza hata shilingi? Jaza sifuri. Usipojaza faini inaandikwa, afu juu ya faini inakuja nyingine, na hapa ndo Watanzania wengi wanaangukia, mtu alisajili "ili iwepo tu", anarudi baada ya miaka miwili anakuta deni la kampuni ambayo haijawahi kutoa risiti. Kwa hiyo kabla hujasajili tafuta mhasibu wa Kigali, mkubaliane bei ya mwezi, na password za mfumo ukae nazo mwenyewe. Simu na imeili utakazoandika ziwe zako pia sio za ajenti, maana ujumbe wa kodi unaenda huko.

Tarehe za kukaa kichwani: leseni ya biashara, wenyewe wanaiita patente, mwisho 31 Januari. Ritani ya mwaka na kodi ya mapato mwisho 31 Machi, kodi ya kampuni ni 28% ya faida. Halafu kuna malipo ya awali ya hiyo kodi ya mapato Juni, Septemba na Desemba. VAT ni 18%, inakulazimu mauzo yakipita faranga milioni 20 kwa mwaka au milioni 5 kwa robo mwaka, na inajazwa kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata.

Mfumo wao wa risiti unaitwa EBM, ni kama EFD yetu ila sikuhizi ni programu tu unaweka kwenye kompyuta. Usijaribu ule mchezo wa "bei ya risiti na bei bila risiti". Faini yake ni nzito, na tangu 2024 mnunuzi wa mwisho anayedai risiti anarudishiwa 10% ya VAT aliyolipa, sa wewe utamshawishi vipi asidai? Wateja wenyewe ndo wakaguzi.

Mzigo: bidhaa iliyotengenezwa Tanzania ikiwa na cheti cha uasilia cha Afrika Mashariki, yaani cha kuonyesha imetengenezwa wapi, hailipi ushuru wa forodha, na mzigo usiozidi dola 2,000 una cheti chepesi kinachopatikana mpakani. Lakini VAT iko palepale, usije ukapiga hesabu ya faida ukaisahau. Na vifungashio angalia sana, mifuko ya plastiki walishaipiga marufuku tangu 2008 na hawana utani nayo, utashushiwa mzigo palepale.

Ukiajiri mtu andika mkataba, kata kodi ya mshahara, na peleka michango RSSB, yaani NSSF ya kule. Mchango wa pensheni ulipanda 2025 kutoka 6% hadi 12%, nusu yake nusu yako, kwa hiyo mishahara mlioelewana zamani ipigie hesabu upya.

Lugha, Kiswahili ni lugha rasmi kule tangu 2017 ila kwenye fomu usikitegemee, ni Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Sokoni utaelewana na watu, ofisini nenda na anayejua.

Faida ukitaka kuileta nyumbani kama gawio kuna kodi ya zuio ya 15% inayokatwa kabla hujalipwa, usichote tu kwenye akaunti ya kampuni kama ya kwako. Na kama biashara haiendi, funga rasmi RDB na RRA kote kuwili, ukianza na RRA maana kama kuna deni ndo watakusimamisha hapo, afu uombe barua ya kuthibitisha TIN imefungwa uitunze.