Sauti ya WhatsApp ikisema "wanatuficha", fanya hivi

Nauza dagaa mwaloni Kirumba, Mwanza. Ziwa Victoria likipanda au likishuka, lazima iingie sauti kwenye simu: serikali inajua, inatuficha.

Usiisambaze kwanza. Muulize aliyekutumia kaipata kwa nani. Akijibu "imetumwa tu", iishie kwako. Kisha tenganisha kinachopimika na kinachodhaniwa: kina cha maji kinapimika, nia ya mtu haipimiki.

Halafu tafuta wa tatu asiyefaidika na upande wowote. Hapa ndipo penye kazi. Chukua 2005 na 2006, maji yalivyoukimbia ufukwe. Maofisa wa Uganda walisisitiza ukame. Watu wakanyooshea kidole mabwawa ya umeme ya Jinja, kule Uganda ambako maji ya ziwa hutokea kuingia mto Nile. Wataalamu wa maji walipopiga hesabu wakakuta yote mawili: mvua zilipungua kweli, na mabwawa yalikuwa yanaachia maji kuliko makubaliano. Kwa hiyo wenye shaka hawakuwa wajinga, lakini shaka peke yake isingewaonyesha ukame.

Mwaka 2020 ziwa lilipofurika, wapo walioyalaumu mabwawa yaleyale. Ila karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mvua za msimu ule zilipita kiasi. Swali la bwawa uliza, lakini mvua ihesabu kwanza.

Mzee akikuletea habari hizo, usimbishie mbele za watu. Mwamkie, kaa naye, mwambie, "Baba, hebu tuisikilize tena." Ikifika mwisho, muulize kama amesikia tarehe au jina la mahali.