Jinsi ya kuwasumbua wahariri mpaka waitangaze Sudan

Vita ya Sudan ilianza tarehe 15 Aprili 2023, jeshi la serikali la Jenerali Burhan likipigana na RSF, kikosi cha wanamgambo cha Hemedti, watu zaidi ya milioni 10 wameyahama makwao, na bado kwenye taarifa ya habari ya usiku unaipata sekunde chache kabla ya mpira, tena ukibahatika. Sasa usiandike tu "mbona hamtangazi Sudan", hiyo haisomwi na mtu.

Kwanza fuatilia chombo chako wiki nzima, andika wameitaja lini na kwa dakika ngapi. Halafu mtumie mhariri wa habari za kimataifa mwenyewe, sio ile imeli ya jumla ambayo sijui hata nani huifungua. Mpe stori inayomgusa hapo alipo, mfano wa Kenya mkumbushe Februari 2025 RSF na washirika wao walisaini hapo Nairobi mkataba wa kuunda serikali yao wenyewe, umuulize nani kafuatilia tangu hapo? Au mji wa El Fasher kule Darfur, uliozingirwa zaidi ya mwaka mpaka RSF wakauteka Oktoba 2025. Kama unawajua wakimbizi Wasudani walioko Kampala wanaoweza kuhojiwa mwambie, ila waombe ruhusa kwanza maana wengine wana ndugu bado kule.

Na tafadhali usimrushie video usiyojua imepigwa wapi, ukimpotosha mara moja basi hakusikilizi tena. Akikaa kimya mkumbushe wiki inayofuata kwenye imeli ileile, na akiirusha hata dakika 2, isambaze, maana hao jamaa wanaangalia namba balaa.