Misheni kwanza, ng'ombe baadaye: mwongozo wa mgeni wa Old School RuneScape

Wageni wengi wa Old School RuneScape, gemu ya mtandaoni, huishia kwenye zizi la ng'ombe karibu na Lumbridge, mji wa kuanzia. Wanapiga ng'ombe, wanapiga tena, mkono unachoka, siku ya tatu wanafuta gemu. Piga hesabu kidogo uone kosa liko wapi. Kila pointi 1 ya jeraha unayomtia adui hukupa XP 4 (pointi za uzoefu zinazopandisha levo), na ng'ombe ana uhai wa pointi 8. Ng'ombe mmoja basi ni XP 32. Misheni moja iitwayo Vampyre Slayer hulipa XP 4,825 za Attack, stadi ya kushambulia, kwa mkupuo, na hukutoa levo 1 hadi levo 20. Hao ni ng'ombe 150 na ushei, kwa kazi ya chini ya nusu saa.

Mwongozo huu unafuata hesabu hiyo: mwanzoni misheni ndizo zinazolipa.

Kabla ya kuingia

Hakikisha unapakua gemu sahihi. Kampuni ya Jagex ina gemu mbili zenye jina linalofanana. RuneScape yenyewe ilianza 2001 na imebadilika sana tangu hapo; Old School ilifunguliwa Februari 2013 kutokana na nakala ya gemu ilivyokuwa 2007. Akaunti moja huingia kote kuwili, lakini levo na mali za upande mmoja hazionekani upande wa pili. Ukijikuta mahali ambapo picha na menyu hazifanani kabisa na maelezo ya hapa, umeingia upande usio wako.

Kwenye kompyuta, pakua Jagex Launcher kutoka tovuti rasmi. Kwenye simu, gemu ipo kwa Android na iPhone, na ni dunia ileile: unaweza kuanza kwenye simu na kuendelea kwenye kompyuta. Wachezaji wengi wa kompyuta hutumia RuneLite, programu ya nje inayoruhusiwa na inayopatikana kupitia Launcher hiyohiyo. Usiitafute kwa kufuata tangazo la kwanza kwenye intaneti, kwani zipo nakala za uongo zilizotengenezwa kuiba nywila.

Washa uthibitisho wa hatua mbili siku hiyohiyo ya kwanza na uandike misimbo ya dharura mahali nje ya simu yako. Ukifika benki ya kwanza ndani ya gemu, weka PIN ya tarakimu 4. Mwizi akipata nywila ataingia, lakini mali iliyo benki hataigusa bila PIN, na kuifuta huchukua siku kadhaa. Siku hizo ndizo za kukuokoa.

Kisiwa cha mafunzo

Tutorial Island ni kama dakika 20. Soma unachoambiwa, usibofye harakaharaka. Ukiulizwa aina ya akaunti, chagua ya kawaida. Ironman, ambapo mchezaji haruhusiwi kununua wala kupokea kitu kwa mwenzake, ni tamu kwa anayeijua gemu tayari. Kwa mgeni ni kujifunga mawe miguuni.

Jambo moja ambalo kisiwa hakikuelezi vizuri: gemu hii huenda kwa mapigo ya sekunde 0.6. Kila tendo husubiri pigo linalofuata. Kubofya mara kumi hakuharakishi chochote, tena mara nyingi kunakatiza tendo uliloanza.

Unapochagua dunia ya kuingia, yaani seva, angalia mambo mawili. Dunia za bure na za wanachama wanaolipia zimetengwa, na baadhi ya dunia zimeandikwa PvP, ambako mchezaji mwingine anaweza kukuua karibu popote. Chagua ya bure, isiyo PvP, iliyo karibu nawe ili pingi, yaani ucheleweshaji wa mtandao, iwe ndogo.

Mzunguko wa kwanza: pointi 10

Akaunti mpya ya bure ina vizuizi vya biashara. Huondoka ukitimiza mambo matatu: saa 20 za kucheza, jumla ya levo 100, na pointi 10 za misheni. Saa na levo zitakuja zenyewe. Pointi unaweza kuzimaliza mapema kwa misheni sita zisizokulazimisha kuua hata mdudu: Cook's Assistant, Sheep Shearer, X Marks the Spot, The Restless Ghost na Rune Mysteries, pointi 1 kila moja, kisha Romeo & Juliet yenye pointi 5.

Siri ni kuzichukua kwa pamoja. Kabla hujatoka Lumbridge, zungumza na mpishi aliye jikoni mwa kasri, na Duke Horacio ghorofani, Father Aereck kanisani, Veos kwenye kilabu cha pombe, na Fred nyumbani kwake kaskazini mwa mji. Nunua sepeto kwenye duka la vitu mchanganyiko, maana Veos atakuchimbisha.

Cook's Assistant ndiyo inayowakwamisha watu, ingawa ni ndogo. Mpishi anataka yai, maziwa na unga. Chukua chungu kitupu humo jikoni, na ndoo kwenye ghala chini ya jiko. Yai liko kwenye banda la kuku. Maziwa hutoka kwa ng'ombe wa maziwa peke yake, si hao wanaopigwa zizini. Unga una hatua nne: vuna ngano shambani, panda hadi juu kabisa ya kinu, tia ngano kwenye faneli, halafu vuta mtambo ulio kando yake. Hatua hii ya mwisho ndiyo husahaulika. Mtu hutia ngano, hushuka, hukuta pipa tupu, hudhani gemu imeharibika. Ukishavuta, teremka chini na ujaze chungu. Bila chungu, unga hauchukuliki.

Kwa Fred unahitaji mabunda 20 ya uzi. Mkasi uko nyumbani kwake. Kondoo dume wenye pembe hawanyolewi, usihangaike nao. Gurudumu la kusokotea liko ghorofa ya kati ya kasri.

Halafu kusini. Father Urhney, mzee mwenye hasira anayeishi kibandani kwenye kinamasi, atakupa kidani cha kusema na mizimu. Kivae shingoni, kukibeba mkobani hakutoshi. Zungumza na mzimu wa makaburini, ndipo uelekee Wizards' Tower, mnara wa wachawi ulio kusini mwa kijiji cha Draynor. Humo chini ya mnara kuna shughuli mbili kwa safari moja: kumkabidhi mchawi Sedridor kitu ulichopewa na Duke, na kuchukua fuvu la yule mzimu. Ukiligusa fuvu hutokea kiunzi cha mifupa cha levo 13. Usipigane nacho. Kimbia, umeshapata ulichokifuata. Fuvu likirudishwa jenezani unalipwa XP 1,125 za Prayer, stadi ya sala.

Sedridor atakutuma kwa Aubury, mwenye duka katika mji wa Varrock. Hapa ndipo wageni wengi hufa mara ya kwanza: kando ya njia inayoingia lango la kusini la Varrock kuna duara la mawe lenye wachawi weusi wa levo 7 na 20, nao hushambulia wenyewe. Kanuni ya gemu ni kwamba adui wa aina hii huacha kukusumbua levo yako ya mapigano ikizidi mara mbili ya yake, kwa hiyo wale wa levo 20 watakuandama mpaka ufike 41. Zunguka mashariki, upitie mgodi ulio kusini mashariki mwa mji. Kando yake kuna vichaka vya matunda ya cadava, ambayo utayahitaji kwa Romeo & Juliet. Vichaka vinavyofanana navyo vina matunda mengine mekundu, hivyo soma jina kabla ya kuchuma. Duka la Aubury liko karibu, upande huohuo wa mji.

Kupigana, sasa

Silaha ina mitindo, na kila mtindo hulea stadi yake. Attack ni uwezo wa pigo kufika na ruhusa ya kushika silaha bora, Strength ni uzito wa pigo, Defence ni kinga. Mtindo wa mchanganyiko hugawa XP kwa zote tatu, na mgeni anayeuacha hivyo hushangaa mbona hakuna kinachopanda.

Nunua kitara cha chuma kwa Zeke, muuzaji wa mji wa Al Kharid. Kitara hupiga haraka kuliko panga ndefu, na kwa mazoezi ndicho bora karibu kila levo ya mwanzo. Weka mtindo wa Strength peke yake, anza na kuku au goblini, ng'ombe wafuate. Usiilee Attack kabisa. Ya nini, na Vampyre Slayer inakuja na levo 20 za bure? Manyoya ya kuku yaokote: ni chambo cha kuvulia samaki wa trout ukifika levo 20 ya Fishing, stadi ya uvuvi, na pia yanauzika.

Kwa Vampyre Slayer, anza na Morgan wa Draynor. Chukua kitunguu saumu kwenye kabati la ghorofani kwake. Dr Harlow wa Varrock hatatoa kigingi mpaka umnunulie bia, nayo inauzwa palepale alipo. Beba nyundo pia. Count Draynor, vampaya unayekwenda kumuua, ni levo 34. Nenda na vyakula 15 au zaidi. Mtu asiye na kigingi na nyundo mkobani humpunguza hadi mwisho, halafu haui.

Ukipata Attack 20 unashika silaha za madini ya mithril. Baada yake ni adamant kwa 30 na rune kwa 40. Usirukie deraya ya bei wakati silaha bado dhaifu, kwani adui anayekufa haraka hakuumizi sana.

Ukifa, unabaki na vitu 3 vyenye thamani kubwa zaidi, vingine vinangoja kwenye kaburi lako kwa dakika 15. Hiyo ni kwa kifo cha kawaida. Wilderness, eneo lililo ng'ambo ya mtaro wa kaskazini, lina sheria zake: aliyekuua huchukua. Namba ya Wilderness inayoonekana kwenye skrini ni tofauti ya levo inayoruhusiwa. Ukiwa kwenye 5, mtu yeyote aliye ndani ya levo 5 juu au chini yako anaweza kukupiga.

Pesa za kwanza

Shimo la katikati ya Barbarian Village linashuka Stronghold of Security, orofa nne. Zawadi ni sarafu 2,000, kisha 3,000, kisha 5,000, na ya nne ni viatu. Milango huuliza maswali ya usalama wa akaunti. Kuanzia orofa ya pili maadui ni wakubwa kuliko wewe, lakini hakuna aliyekuagiza uwaue: jaza mkoba chakula, acha mali nyingine benki, kimbia mlango hadi mlango.

Peleka sarafu hizo Grand Exchange, soko la wachezaji lililo kaskazini magharibi mwa Varrock. Akaunti ya bure ina nafasi 3 za oda kwa wakati mmoja, mwanachama 8. Ukitaka kitu upesi, weka bei asilimia 5 juu ya ile inayoonyeshwa. Ukiwa na subira, weka chini na ukalale. Muuzaji hukatwa ushuru wa asilimia 2 kwa bidhaa nyingi.

Hapo sokoni ndipo matapeli walipo. Anayesema atakuzidishia pesa mara mbili atakuzidishia kidogo kwanza ili ulete kikubwa. Anayekwambia umfuate kaskazini akakuonyeshe kitu anakupeleka Wilderness. Mfanyakazi wa Jagex ana taji la dhahabu kando ya jina kwenye mazungumzo, na jina tupu lenye neno Mod si kitu. Dirisha la pili la biashara ndilo la kusoma, kila mara, hata kama mwenzako anakuharakisha. Hasa akikuharakisha.

Uanachama

Usilipie mpaka umalize misheni za bure zinazokuvutia. Uanachama unaweza kununuliwa hata kwa sarafu za gemu, kupitia Bond inayotoa siku 14, lakini bei yake ni mamilioni na mgeni hafiki huko haraka.

Ukishaingia, anza na Waterfall Quest. Inatoa XP 13,750 za Attack na kiasi hichohicho za Strength, haidai levo yoyote, na kutoka levo 1 ingekufikisha 30 zote mbili. Utahitaji kamba ya kufungia na rune (hapa ni mawe ya uchawi, si madini ya silaha) 6 za hewa, 6 za maji na 6 za ardhi. Kaburi la Glarial, mojawapo ya vituo vya misheni hii, halikuruhusu kuingia na silaha, deraya wala rune, kwa hiyo viweke vyote benki kwanza, uchukue chakula tu, kisha urudi kuzichukua rune kabla ya pango la maporomoko. Humo ndani kuna majitu ya moto ya levo 86. Pita mbio, usigeuke. Kwenye chumba cha mwisho, ukishaweka rune kwenye nguzo na kidani cha Glarial kwenye sanamu, chukua chombo cha majivu ya Glarial ukitumie juu ya kikombe. Ukikibofya kikombe chenyewe kwa pupa, maji yanakuzoa na kukutupa nje.