Kuchagua na Kushona Utepe wa Zari kwenye Vazi la Kike la Zanzibar ya Karne ya 19

Anayeshona vazi la kike la Zanzibar ya karne ya 19 kwa ajili ya jukwaa au harusi mara nyingi huanza kwa kununua utepe unaong'aa kuliko zote dukani, na hapo ndipo vazi linapoharibika kabla hata ya kukatwa. Zari ya asili ilikuwa waya wa fedha uliopakwa dhahabu, uliovutwa hadi ukawa mwembamba, ukabanwa ukawa bapa, kisha ukazungushwa kwenye uzi wa hariri. Kwa kuwa kila uzi uliupokea mwanga kwa upande wake, utepe wote ulimetameta kwa upole, hapa ukiwaka na pale ukififia. Zari nyingi za leo ni poliesta nyembamba iliyopakwa alumini, ambayo huurudisha mwanga wote kwa pamoja kama kioo, na mtazamaji aliyeketi nyuma kabisa ataitambua kuwa ni ya leo hata kama hajui kwa nini.

Kwa hiyo chagua utepe uliofubaa kidogo, wenye rangi ya asali kuliko ya limau, na uutazame mbali na taa za duka. Omba kipande cha urefu wa kiganja, kiweke juu ya kitambaa chako, rudi nyuma hatua nane au kumi, ukitazame kwanza kwenye kivuli, kisha chini ya taa ya manjano inayofanana na ile ya jukwaani. Ikiwa unachokiona kwa mbali ni mstari mmoja mweupe, huo ni mwingi wa mng'aro; ukiona rangi ya dhahabu yenye vivuli ndani yake, nunua. Kujua umetengenezwa kwa kitu gani, fumua uzi mmoja na kuukwaruza kwa ncha ya sindano: wekundu ukitokeza, ndani mna shaba, nayo huja na ukijani kwenye hewa ya pwani yenye chumvi. Ukiuchoma kwa uangalifu ukaviringika na kuyeyuka, ni plastiki. Plastiki si aibu, na kwa vazi la jukwaani linaloloa jasho kila usiku mimi huipendelea kuliko shaba, ilimradi mfumo wake uwe wa nyuzi nyingi ndogo, usiwe wa vipande vipana.

Kuhusu mahali pa kuuweka, waliovaa mavazi haya watuongoze. Mapambo ya metali yalikaa pale ambapo nguo inaishia au inafunguka: shingoni, kwenye mpasuo wa kifua, kwenye mikono, kwenye miisho ya suruali, na kwenye barakoa, yaani kifuniko cha uso. Nchini Oman, ambako mtindo mwingi wa kasri la Unguja ulitoka, miisho ya suruali ya kike hupambwa sana, na tepe zenyewe husukwa kwa mkono na wanawake juu ya mto mdogo wenye kitako cha chuma. Ufundi unaofanana na huo katika Falme za Kiarabu, uitwao talli, uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2022. Sayyida Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar, aliyezaliwa mwaka 1844 na kuondoka Unguja mwaka 1866, alipigwa picha huko Hamburg akiwa na mavazi ya kwao, na picha hiyo inafaa kutazamwa kwa makini. Lakini haina rangi, hivyo itakuonyesha namna vazi lilivyokaa mwilini, wala haitakuambia kama utepe ulikuwa wa dhahabu au wa fedha. Usijaze tepe katikati ya kitambaa kwa kuogopa kwamba vazi litaonekana la kimaskini. Atlasi (satini) au hariri yenye mistari inajitosheleza, na kazi ya utepe ni kuifunga kingo zake.

Pima kila ukingo kabla ya kununua. Tuseme shingo ni sentimita 60, mpasuo wa kifua ni 30 kila upande, kila mkono ni 30, na pindo la chini ni 240: jumla ni sentimita 420. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya kona na maungio, upate 462, kisha nunua mita 5 kutoka robota moja, kwa sababu robota mbili za jina moja hutofautiana rangi mara nyingi kuliko wauzaji wanavyokubali.

Sasa jambo ambalo nilijifunza kwa hasara. Fua na upige pasi kitambaa na bitana kabla ya kushona utepe wowote. Utepe wa zari haurudi ukilowa, lakini pamba hurudi. Vazi langu la kwanza la namna hii, nililolishonea mchezo wa wanafunzi, lilifuliwa mara moja tu na pindo lote likajikunja kama karatasi iliyonyeshewa. Niliufumua utepe wote na kuanza upya.

Shona kwa mkono. Piga bandi kwanza, yaani mishono mirefu ya muda, ili utepe usiteleze, kisha ushikize kingo zote mbili kwa mishono midogo iliyoachana milimita 4 au 5, ukitumia sindano nyembamba na uzi wa rangi ya utepe uliopitishwa kwenye nta ya nyuki. Pitisha sindano katikati ya nyuzi, usizitoboe, kwa maana uzi wa metali uliotobolewa huachia ganda lake na kuonyesha kiini. Kwa sababu hiyohiyo uzi mtupu wa zari haupitishwi ndani ya kitambaa: hulazwa juu yake na kufungwa kwa uzi mwingine mwembamba. Kwenye mviringo wa shingo tumia utepe usiozidi sentimita moja na nusu. Anza na ukingo wake mrefu wa nje, kisha pitisha uzi wa kuvutia kwenye ukingo wa ndani na uukusanye polepole hadi ulale. Kabla ya kukata mwisho wowote, uzungushie uzi imara, la sivyo utafumuka mikononi mwako. Halafu ukunje sentimita moja kwa ndani.

Utepe mzito kwenye melimeli, kitambaa chembamba cha pamba, huivuta chini na kuipotosha, hivyo weka ukanda wa pamba nyuma yake. Shingoni ukanda huo unahitajika kwa sababu nyingine pia, kwani zari hukwaruza ngozi, na mvaaji anayejikuna jukwaani hawezi kuwa binti wa kasri. Pasi ipite upande wa nyuma tu, juu ya kitambaa kikavu, ikiwa kwenye nukta moja, yaani isiyozidi nyuzi joto 110.

Fedha hufubazwa na salfa iliyomo hewani, na baadhi ya vitu hutoa salfa zaidi, kama mpira na sufu. Vazi lisikunjwe pamoja navyo. Lizungushie kitambaa cha pamba cha marekani kilichofuliwa vizuri na kukaushwa, na vazi lilazwe bila kukunjwa penye utepe. Marashi yapulizwe mwilini kabla ya kuvaa, na udi ufukizwe kwenye bitana vazi likiwa limegeuzwa ndani nje, kwa sababu mafuta ya moshi yakishika kwenye zari hayatoki.

Mwishowe, ukirithi joho au kanzu ya kale yenye zari ya kweli, usiufumue utepe wake kwa ajili ya vazi la maonyesho, hata kama kitambaa kimechakaa. Upige picha, upime upana wake, uhesabu nyuzi zake, kisha tafuta wa leo unaofanana nao.