Ukimpeleka mzazi kwenye treni ya mvuke Uingereza, uliza kichwa

Naandika nikiwa barazani kwa wazee, Mbeya, mvua ya Desemba inapiga bati na sweta sivui. Binamu yangu wa Isanga, ambaye kama mimi anaishi Uingereza na yuko huku likizo, ameshapanga: Agosti ijayo anawaita wakwe zake Birmingham na siku moja atawapandisha treni ya mvuke. Nimemsikiliza mpaka mwisho, kisha nikaona niandike, kwa ajili yake na kwa yeyote anayedhani kwamba ukikata tiketi ya treni ya mvuke utavutwa na mvuke.

Si lazima.

Ya visa mnayajua: barua ya mwaliko, taarifa za benki, basi la kwenda Dar kuweka alama za vidole. Siyarudii.

Baba yangu alianza kazi Tabora enzi za garimoshi lenyewe, akahamia TAZARA ilipoanza kazi 1976, akastaafia hapa Mbeya. Sisi wanawe tumekulia kwenye dizeli, na hadithi zake za Tabora tulizichukulia kama za sungura na fisi. Visa ilipotoka hakuomba kuona London. Aliomba kuona injini inayopumua. Waingereza waliacha mvuke kwenye reli ya taifa Agosti 1968, lakini wapo waliokataa katakata, wakazichukua njia zilizofungwa au zilizokaribia kufungwa wakaziendesha wenyewe: Talyllyn kule Wales tangu 1951, Bluebell kule Sussex tangu 1960, na nyingine nyingi zikafuata. Ile iliyotuumiza siitaji.

Nilikata tiketi mtandaoni wiki tatu kabla: mzee, mimi na mke wangu, watoto wawili, Jumamosi ya Agosti. Mandazi yakakaangwa usiku. Tukafika, na mbele ya mabehewa kimefungwa kichwa cha dizeli. Baba alikitazama, akatembea mpaka mwisho wa jukwaa kuhakikisha hakuna kingine, akarudi taratibu.

"Mwanangu, nimepanda ndege usiku kucha nije nipande TAZARA?"

Sababu yao ilikuwa ya kweli. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki kadhaa, majani ya kando ya reli yamekauka, na cheche za bomba la moshi zingeweza kuwasha moto. Mtu wa Mbeya hawezi kubishana na hilo, tunaona mlima Loleza unavyoungua kila kiangazi. Kilichoniumiza ni yale masharti niliyoyawekea tiki bila kuyasoma: wana haki ya kubadilisha kichwa wakati wowote, na hela hairudi. Hairudi hata nusu. Ukikata tiketi yako leo usiku, soma mstari huo kabla ya kutoa namba za kadi.

Na msidhani sikupiga simu. Nilipiga asubuhi ile ile, nikauliza kama treni zipo. Wakasema zipo. Na kweli zilikuwepo! Mwingereza hujibu swali ulilouliza, lile ulilokusudia analiacha kwako. Kwa hiyo swali ni moja tu: leo kichwa gani kinavuta, mvuke au dizeli? Angalia tangazo lao jioni iliyotangulia, na asubuhi, kabla ya kuwasha gari, piga tena. Kiangazi kikikaza, piga hata kama jana walikuhakikishia.

Shangazi yangu nilipomweleza kwa simu akaniambia nimtafute mkubwa wa stesheni, niongee naye vizuri, nimwambie mzee ametoka mbali. Shangazi, nakuheshimu, lakini mkubwa mwenyewe alikuwa mzee mstaafu anayejitolea, mwenye kofia safi na hana ufunguo wa droo yoyote. Aliniomba radhi kwa ustadi mkubwa hadi nikajikuta namshukuru. Mke wangu hajanisamehe kwa hilo.

Hawa wanaojitolea nimewafikiria sana. Wazee wa miaka sabini na zaidi, ovaroli za bluu, wanasugua shaba Jumamosi nzima bila senti. Wengine hata dizeli kuukuu wanaipenda, zina siku zao maalumu kwenye kalenda na watu wanalipa kuzipanda. Sisi vichwa vyetu tunavipigia mnada wa vyuma chakavu. Sijui nani mwenye akili, ila baba anasema anajua.

Kalenda zao zina rangi, kila rangi na ratiba yake, na siku nyingine hakuna treni kabisa. Kadi ya punguzo ya treni za kawaida mara nyingi haikubaliwi. Kisanduku cha Gift Aid, cha kuiruhusu reli idai serikalini kodi uliyolipa kwenye mchango wako, ni cha anayelipa kodi Uingereza, usimsainishe mgeni. Chakula bebeni, na treni ya mwisho ya kurudi iandikeni kwenye kiganja.

Tulirudi Oktoba, mvua imeshanyesha, nikalipa upya tiketi zote tano. Niliuliza kichwa mara mbili. Baba alisimama karibu na kijana wa makaa mpaka miwani ikaingia ukungu, akamwambia "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, na kijana akaitika kama vile ameelewa. Kisha akainama kupima njia kwa macho na kutuhadithia kwamba upana huu, milimita 1,435, ndio ule ule wa SGR ya Dar, wakati TAZARA ni 1,067 na reli yake ya Tabora ni mita moja kamili. Behewani, njia ilipopinda, moshi ukaingia. Wajukuu wakakohoa, yeye akakataa dirisha lifungwe.

Haya yote nimemsomea binamu. Nimemwambia awalete wakwe Oktoba. Anasema likizo yake ni Agosti na tiketi za ndege ameshalipia. Basi apige simu asubuhi, na aulize kichwa.